Risiti Ipo, Mfumo Unasema Hujalipa: Jinsi Nakala za Data Zinavyotofautiana na Namna ya Kuzipatanisha

Mwenye kibanda amelipia kibali cha biashara kwa simu. Ujumbe wa malipo umeingia na pesa zimetoka. Siku ya pili afisa wa mapato anafika sokoni na kifaa chake cha mkononi.

"Mama, hapa inaonyesha bado hujalipa."

"Afande, nimelipa jana. Ujumbe huu hapa."

Katika mabishano ya namna hii, huenda wote wawili wanasema kweli. Mama amelipa, na kifaa cha afisa kinaonyesha hajalipa. Wala si lazima awepo mtu aliyekula pesa. Mara nyingi tatizo ni kwamba taarifa moja imehifadhiwa katika mashine zaidi ya moja, na mashine hizo zimeacha kukubaliana.

Somo hili linaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, jinsi wataalamu wa TEHAMA wanavyoitafuta na kuirekebisha, na jambo ambalo mkaazi anaweza kufanya rekodi yake inapopotoka. Huduma nyingi za umma sasa hupitia mifumo ya kielektroniki: kodi ya ardhi, vibali vya biashara, ada za maegesho, malipo ya hospitali na maombi ya basari. Kwa hiyo somo hili halihusu wataalamu peke yao.

KWA NINI DATA HUWEKWA KATIKA NAKALA NYINGI

Hifadhidata ni daftari kubwa la kielektroniki lenye majedwali. Kila mstari wa jedwali ni rekodi moja: risiti moja, ploti moja au mgonjwa mmoja. Daftari hilo likiwa katika seva moja tu, seva hiyo ikiungua au umeme ukipotea, huduma zote husimama. Ndiyo maana hutengenezwa nakala. Moja huwa nakala kuu, ambayo ndiyo huandikwa. Nyingine hufuata, zikipokea kila badiliko kutoka kwa ile kuu. Kazi ya kuzifanya zifanane huitwa ulandanishaji.

Nakala kuu huweka kumbukumbu ya kila badiliko kwa utaratibu: risiti fulani imeongezwa, kiasi fulani kimebadilishwa, jina fulani limesahihishwa. Nakala zinazofuata husoma kumbukumbu hiyo na kurudia matendo yaleyale kwa mpangilio uleule. Zikianza zikiwa sawa na kurudia matendo yote bila kuruka hata moja, zitabaki sawa.

Kuna namna mbili za kufanya hivyo. Katika ya kwanza, nakala kuu haimwambii mtumiaji "imekamilika" mpaka nakala nyingine ithibitishe kwamba imepokea badiliko. Njia hii ni salama zaidi, lakini mtandao ukiwa mbovu kila mtu husubiri. Katika ya pili, nakala kuu hujibu papo hapo, kisha hutuma badiliko baadaye. Hii ni ya haraka, na hutumika sana, lakini huacha mwanya. Katika mwanya huo nakala kuu inajua jambo ambalo nyingine bado hazijalisikia.

VYANZO SITA VYA TOFAUTI

1. Kuchelewa. Hiki ndicho chanzo chepesi zaidi. Badiliko liko njiani. Mtandao wa wadi ni dhaifu, au nakala inayofuata imezidiwa na kazi. Ikipewa muda, tofauti hujiondoa yenyewe. Hatari ni afisa kufanya uamuzi kabla badiliko halijafika.

2. Badiliko lililorukwa. Nakala inayofuata inaposhindwa kurudia tendo fulani, mifumo mingi, kwa mfano MySQL, husimamisha ulandanishaji mpaka fundi aingilie kati. Fundi mwenye haraka anaweza kuiamuru iruke tendo hilo iendelee na mengine. Kazi inaendelea na taa zinakuwa za kijani, lakini rekodi moja imeachwa nyuma, na haitafika hata isubiriwe mwaka mzima.

3. Kuandika pande mbili. Mtandao ukikatika, ofisi ya wadi inaweza kuendelea kutoa risiti kwenye nakala yake huku makao makuu nayo yakitoa zake. Ikiwa pande zote mbili zilikuwa zimefika risiti nambari 5020, kila upande utatoa nambari 5021. Makao makuu nambari hiyo ni ya mwenye duka la dawa, na kwenye wadi ni ya kinyozi. Mtandao ukirudi, mfumo utaikataa moja kwa sababu nambari hiyo tayari ipo. Kinga inayotumika sana ni kila upande kupewa nambari zake: mmoja utoe zisizogawanyika kwa mbili, mwingine utoe zinazogawanyika. Kinga bora zaidi ni nakala za pembeni kuwa za kusomwa tu.

4. Amri inayozaa majibu tofauti. Baadhi ya mifumo hutuma amri yenyewe badala ya matokeo yake. Chukulia amri hii: "Weka alama ya basari kwa waombaji 100 wanaostahili," bila kutaja wapangwe kwa utaratibu gani. Nakala kuu inaweza kuchagua 100 wa kwanza kadiri ilivyowapanga kwenye diski, na nakala inayofuata ikachagua 100 wengine, kwa sababu mpangilio wake ni tofauti. Kila moja imetii amri, lakini kuna mwanafunzi ambaye upande mmoja amepata karo na upande mwingine hana kitu. Kwa sababu ya hatari hii, MySQL kuanzia toleo la 5.7.7 la mwaka 2015 hutuma mabadiliko ya kila mstari, badala ya amri, isipokuwa fundi aamue vingine.

5. Saa. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa inayofahamika kama UTC, na seva nyingi huhesabu kwa UTC. Malipo yaliyofanywa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa seva hiyo ni saa nne usiku wa tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mfumo mmoja ukiandika kwa saa ya Kenya na mwingine kwa UTC, malipo hayohayo yataonekana katika miaka miwili tofauti ya fedha.

6. Maandishi na nambari. Mtu anayeitwa Ng'ang'a anaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka upande mmoja na iliyopinda upande mwingine. Jicho la binadamu halioni tofauti, lakini kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Nambari ya simu inayoanza na 07 ikiwekwa kama hesabu, sufuri ya mbele hupotea. Ikiandikwa kwa +254, inakuwa kitu kingine kabisa. Mfumo unaotafuta mlipaji kwa jina au simu utasema hayupo, ilhali yupo.

HATUA ZA KUTAFUTA NA KUREKEBISHA

Fundi anayekimbilia kubadilisha rekodi ya kwanza aliyoiona anaweza kufuta ushahidi wa chanzo cha tatizo. Utaratibu ulio salama ni huu.

Hatua ya kwanza: Hifadhi hali ilivyo. Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya akiba ya pande zote mbili, pamoja na kumbukumbu za mabadiliko. Inapowezekana, zuia uandishi mpya kwenye sehemu inayochunguzwa.

Hatua ya pili: Pima kuchelewa. Je, nakala inayofuata imefika wapi katika kumbukumbu ya nakala kuu? Ikiwa iko nyuma, iache ifike, kisha linganisha upya. Kulinganisha nakala mbili zilizo katika nyakati tofauti ni kama kulinganisha hesabu ya duka ya asubuhi na ya jioni.

Hatua ya tatu: Linganisha kwa ngazi. Anza na idadi ya rekodi, kisha jumla ya fedha, kisha rekodi moja moja.

Idadi pekee hudanganya. Chukulia makao makuu yana risiti 8,412 na ofisi ya wadi ina 8,409. Mtu atasema zimepotea 3. Lakini uchunguzi wa kina waweza kuonyesha kwamba wadi imekosa risiti 5 zilizo makao makuu, na wakati huohuo ina 2 ambazo makao makuu hayazijui. Ukitoa 5 kwenye 8,412 na kuongeza 2, unapata 8,409. Juu ya hayo, kunaweza kuwa na risiti moja iliyopo pande zote mbili, kwa shilingi 1,500 upande mmoja na shilingi 15,000 upande mwingine. Idadi ilionyesha matatizo 3, kumbe yako 8. Hata idadi zikilingana sawasawa, hilo si thibitisho kwamba data ni sawa.

Kusoma rekodi milioni moja kwa macho haiwezekani. Kwa hiyo kompyuta hukokotoa nambari ya uhakiki kwa kila fungu la rekodi. Rekodi mbili zikiwa sawa kabisa, nambari zao hulingana. Ikibadilika herufi moja tu, nambari ya uhakiki nayo hubadilika. Fundi hugawa jedwali mara mbili, akaona ni nusu ipi isiyolingana, akaigawa hiyo tena, na kuendelea. Kwa jedwali la rekodi milioni moja, migawo 20 hivi inatosha kuifikia rekodi moja yenye kasoro. Zipo programu zinazofanya kazi ya namna hii kwa mafungu, kama pt-table-checksum inayotumiwa na watumiaji wa MySQL.

Hatua ya nne: Ainisha. Kila tofauti iingizwe katika moja ya makundi matatu: iliyokosekana, iliyozidi, au iliyopo pande zote mbili lakini haifanani. Makundi haya huelekeza kwenye chanzo. Zilizokosekana zote zikiwa za alasiri moja, tafuta mtandao uliokatika alasiri hiyo. Zisizofanana zikiwa zote zimepishana kwa saa tatu kamili, tatizo ni la majira. Zikiwa na majina yenye alama katikati, angalia maandishi.

Hatua ya tano: Tafuta ushahidi wa nje. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Nakala kuu haina ukweli kwa sababu tu inaitwa kuu, na rekodi ya mwisho kuandikwa si lazima iwe sahihi. Kwa malipo, ushahidi uko nje ya mfumo wa kaunti: taarifa ya benki, au nambari ya muamala wa M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10. Kwa ploti, ni hati. Kwa chanjo ya mtoto, ni kijitabu cha kliniki. Pasipo ushahidi wa nje, tofauti iwekwe alama ya "inachunguzwa". Isiamuliwe kwa kubahatisha.

Hatua ya sita: Rekebisha kupitia mlango mmoja. Sahihisho liandikwe kwenye nakala kuu, kisha lisafiri hadi nyingine kwa njia ya kawaida. Kurekebisha nakala ya pembeni peke yake ni kupanda tofauti mpya. Rekodi ya zamani isifutwe kimyakimya. Liandikwe sahihisho, jina la aliyelifanya, tarehe na sababu, ili mkaguzi wa hesabu aweze kufuata nyayo.

Hatua ya saba: Hakiki tena, kisha ziba chanzo. Rudia ulinganisho wa hatua ya tatu. Ikiwa chanzo hakikuzibwa, tofauti zitarudi.

SOMO KUTOKA KWA SEKUNDE 43

Tatizo hili huzikumba hata kampuni zenye wataalamu wengi. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilikuwa ikibadilisha kifaa cha mtandao katika matengenezo ya kawaida. Mawasiliano na kituo chake kikuu cha data kilicho pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43.

Katika muda huo mfupi, programu inayosimamia hifadhidata iliamua kwamba nakala kuu ya mashariki haipatikani, ikaipandisha cheo nakala ya pwani ya magharibi kuwa kuu. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine haukuwa nayo. Mashariki kulikuwa na sekunde chache za kazi ambazo hazikuwa zimesafiri, na magharibi ilipokea maandishi mapya kwa karibu dakika 40. Katika mojawapo ya hifadhidata zenye shughuli nyingi, maandishi 954 yalikuwa yamebaki upande mmoja.

Wahandisi walikuwa na njia mbili. Wangeweza kurudi mashariki mara moja ili huduma irejee haraka, lakini kazi ya watu iliyoandikwa magharibi ingepotea. Waliamua kulinda data. Walirejesha nakala za akiba na kulandanisha upya kabla ya kurudisha hali ya kawaida. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Maandishi machache yaliyogongana yalibaki ya kupatanishwa kwa mkono.

Kwa huduma za kaunti, uamuzi kama huo una uzito wake. Mfumo uliochelewa huudhi watu kwenye foleni, lakini foleni huisha. Mfumo uliorudi haraka ukiwa umeacha risiti za watu humfuata mlipaji kwa miezi: faini asiyostahili, kibanda kilichofungwa, au ploti inayoandikwa kuwa na deni ambalo lilishalipwa.

HAKI ZA MKAAZI NA HATUA ZA KUCHUKUA

Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kutaka taarifa isiyo ya kweli au inayopotosha, ambayo inamwathiri, isahihishwe au ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inatambua haki ya mtu kurekebishiwa data yake iliyo na makosa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinadai hatua za kiutawala ziwe za haraka, za haki na za kufuata sheria. Kwa hiyo kuomba rekodi isahihishwe si kuomba hisani.

Mkaazi anayekuta rekodi yake haifanani na risiti yake afanye yafuatayo:

Asifute ujumbe wa malipo. Aandike nambari ya muamala mahali pengine pia, kwa sababu simu hupotea na ujumbe hufutika.

Asilipe mara ya pili ili kumaliza ubishi. Malipo ya pili huzaa rekodi ya pili na kuufanya uchunguzi uwe mgumu, na kurudishiwa pesa huchukua muda.

Aulize maswali matatu: Kifaa hiki kililandanishwa lini mara ya mwisho? Je, malipo haya yanaonekana makao makuu? Je, yametafutwa kwa nambari ya muamala, au kwa jina tu? Jibu la swali la tatu pekee humaliza kesi nyingi, kwa sababu nambari ya muamala haina alama zilizopinda wala sufuri inayopotea.

Tatizo lisipoisha, apeleke ombi la maandishi kwa ofisi ya mapato ya kaunti ndogo, akiambatisha nakala ya risiti, na adai muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu data yenye makosa, au kwa Tume ya Haki ya Utawala kuhusu namna alivyohudumiwa.

Maafisa nao wana wajibu wao. Skrini inayosema "hajalipa" inasema tu kwamba nakala ile, kwa saa ile, haina rekodi ya malipo. Haijathibitisha kwamba malipo hayapo. Penye risiti yenye nambari ya muamala, hatua ya busara ni kuandika nambari hiyo, kuipeleka ikaguliwe, na kumwacha mfanyabiashara aendelee na kazi yake hadi jibu lipatikane.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ofisi mbili zina idadi sawa ya risiti. Je, hiyo inathibitisha kwamba data zao ni sawa?

2. Malipo hayakuonekana saa tatu asubuhi, lakini saa nne yakaonekana bila mtu kugusa chochote. Chanzo ni kipi?

3. Fundi amesahihisha kiasi kwenye kompyuta ya wadi peke yake. Kosa lake ni lipi?

4. Pande mbili zinatofautiana juu ya kiasi kilicholipwa. Nani aaminiwe?

MAJIBU

1. La. Zilizokosekana na zilizozidi zinaweza kufidiana, na rekodi moja inaweza kuwa na viasi tofauti pande mbili. Linganisha jumla ya fedha na nambari za uhakiki.

2. Kuchelewa kwa ulandanishaji. Tofauti iliyojiondoa yenyewe si rekodi iliyopotea, ila ikijirudia kila siku, mtandao ukaguliwe.

3. Ameanzisha tofauti mpya. Sahihisho lianzie nakala kuu na liandikiwe sababu.

4. Asiaminiwe yeyote kati ya hao wawili kabla ya kutazama taarifa ya benki au muamala wa simu.